Kuliamsha Gari Lililolala: Uliendeshe, Ulivute au Ulibebeshe?

Mwaka jana jirani yangu hapa Reading, mama wa makamo kutoka Kisauni, alirudi kutoka Mombasa baada ya miezi 14 ya kumuuguza mama yake. Yaris yake ya mwaka 2008 ilikuwa palepale uani alipoiacha. Vioo vimeota ukungu wa kijani, matairi ya nyuma yamebonyea kama mkate uliokosa hamira, na alipozungusha ufunguo haikusikika hata ile tik-tik ya betri inayokata roho. Gereji anayoiamini iko umbali wa maili 6. Jioni ileile akanigongea mlango.

"Mwanangu," akaniambia, "nikipata mtu wa kunibustia betri, nikaondoka alfajiri kabla barabara haijachangamka, nikaenda polepole mpaka gereji, kuna ubaya gani?"

Swali lake si geni. Wengi wetu tunaoishi Uingereza tunafunga safari za ghafla: msiba, ugonjwa wa mzazi, nyumba inayojengwa Kigamboni au Malindi na haimaliziki bila mwenyewe kusimama. Gari linabaki nyuma, miezi inakatika, na siku ya kurudi mtu anajikuta na chuma kisicho na kodi, bima wala MOT, yaani cheti cha ukaguzi wa gari, huku gereji iko ng'ambo ya barabara asiyoruhusiwa kupita. Nimelipitia jambo hili kwa karibu pamoja na mama huyu, bei kwa bei, na ninayoyaandika hapa ni kwa ajili ya England, Scotland na Wales. Northern Ireland ina taratibu zake za ukaguzi.

Kwanza tuelewe gari lenyewe limesimama wapi kisheria. Kabla ya kupanda ndege mama alifanya jambo la busara: aliiarifu DVLA, mamlaka ya magari iliyoko Swansea, kwamba gari halitatumika barabarani. Taarifa hiyo ndiyo watu wanayoiita SORN. Haina malipo, na tangu Desemba 2013 haihitaji kuhuishwa kila mwaka. Kodi iliyobaki alirudishiwa kwa hesabu ya miezi kamili, na bima hakulazimika kuilipia. Asingetoa taarifa ile, barua zingemfuata: faini ya pauni 80 kwa gari lisilo na kodi wala SORN, na nyingine ya pauni 100 kwa gari lisilo na bima, hata kama halijasogea hatua moja.

Lakini SORN ina sharti lake. Gari likae kwenye ardhi ya mtu binafsi, uani au ndani ya gereji ya nyumba. Mtaani mbele ya mlango wako hapafai, hata ukiwa unalipia kibali cha maegesho. Likiingia barabara ya umma mwenyewe anaweza kufikishwa mahakamani na kutozwa hadi pauni 2,500. Na wale wanaonunua gari la namna hii kutoka kwa jamaa wajue kwamba SORN haihamishiki. Siku jina lako linapoingia kwenye kadi ya gari, ni juu yako kulipa kodi au kutoa taarifa upya.

Hapo ndipo mzunguko unapomchanganya mtu. Huwezi kulipa kodi bila MOT. MOT huipati mpaka gari lifike kituo cha ukaguzi. Kufika kituoni ni kupita barabarani, na barabarani hutakiwi kuonekana bila kodi.

Mlango mmoja, na upana wake

Sheria yenyewe imeuona mzunguko huo na imeacha mlango mmoja. Gari lililo chini ya SORN, lisilo na kodi wala MOT, linaruhusiwa kuendeshwa kwenda kwenye ukaguzi wa MOT uliopangiwa miadi, na kurudi kutoka huko. Likifeli, linaruhusiwa pia kupelekwa mahali palipopangwa ili kurekebisha yaliyoliangusha. Basi.

Neno la kushika hapa ni "miadi". Kumpigia fundi simu na kumwambia "naja kesho uniangalizie breki" si miadi ya MOT. Gereji ya matengenezo matupu, isiyo na ukaguzi uliopangwa siku hiyo, haimo ndani ya msamaha huu, na wengi wanateleza hapo kwa sababu gereji nyingi hufanya kazi zote mbili mahali pamoja. Kwa hiyo ukitaka kupita kwenye mlango huo, piga simu, chukua siku na saa ya MOT, uombe uthibitisho kwa ujumbe wa simu au barua pepe. Ukisimamishwa, polisi anaweza kuipigia gereji palepale akaulizia. Sheria haikutaja kikomo cha maili, lakini safari yenyewe iwe ya jambo hilo tu. Ukipitia dukani kuchukua maziwa, ulinzi umeuacha nyuma.

Mlango huo unakusamehe kodi na cheti cha MOT. Haukusamehei bima, na haukusamehei gari bovu.

Tuanze na bima. Kamera zinazosoma namba za magari zimejaa katika barabara za nchi hii, na zinaungana na orodha ya taifa ya magari yenye bima. Alfajiri haisaidii kitu, kamera hailali. Adhabu ya papo kwa papo ya kuendesha bila bima ni pauni 300 na pointi 6 kwenye leseni, na kesi ikifika mahakamani England au Wales faini haina kikomo. Kwa kijana aliyepata leseni yake chini ya miaka 2 iliyopita, pointi 6 maana yake ni leseni kufutwa na kuanza upya mtihani wa nadharia na wa barabarani. Zaidi ya hayo polisi wanaweza kulichukua gari. Kulikomboa gari la kawaida lililonyakuliwa barabarani katika England na Wales ni pauni 192, na pauni 26 kwa kila siku linayolala yadini kwao.

Shemeji yake yule mama, mtu mwema kabisa, alijitolea kuliendesha yeye. "Mimi nina bima kubwa," akasema, "inaniruhusu kuendesha gari lolote." Maneno hayo nimeyasikia katika nyumba nyingi za Waswahili, na ni hatari. Kwanza, si kila bima kubwa ina kipengele hicho, na kampuni nyingi zimekiondoa. Pili, pale kilipo, kwa kawaida kinalipia hasara ya mtu mwingine tu, gari unaloendesha likiharibika ni juu yako. Tatu, mara nyingi kina sharti kwamba gari hilo la pili liwe na bima yake lenyewe, na gari lililo chini ya SORN ndilo hasa lisilokuwa nayo. Tulimwomba shemeji alete karatasi zake tukazisoma pamoja mezani. Sharti lilikuwa limeandikwa, ukurasa wa pili.

Kuhusu ubovu, kuendesha gari katika hali ya hatari kunaweza kukugharimu hadi pauni 2,500, pointi 3, au kufungiwa kuendesha, hata kama miadi ya MOT unayo mkononi. Na gari lililolala mwaka mzima katika mvua za Uingereza huharibika kwa njia zisizoonekana kwa macho ya haraka. Diski za breki hushika kutu, pedi zikagandamana nazo. Handibreki iliyovutwa miezi 14 hugoma kuachia. Mpira wa tairi hupasuka nyufa nyembamba ubavuni, ingawa kashata bado ziko juu ya milimita 1.6 inayotakiwa na sheria. Petroli huchacha. Panya hukata nyaya za umeme wakijitafutia joto.

Bei za kila njia

Sasa tuje kwenye fedha. Bei nitakazotaja ni zile tulizopewa sisi kwa Yaris ile, kwa safari ya maili 6. Kwako zitapanda au kushuka kulingana na mji, siku na uzito wa gari.

Njia ya kwanza, kuliendesha kwenda MOT. Bima ya siku moja tulitajiwa pauni 24 kwa mama mwenyewe, mwenye leseni ya miaka mingi. Kwa kijana wa miaka 21 bei ingekuwa ya kuumiza. Kabla hujalipa, iambie kampuni waziwazi kwamba gari liko SORN, halina MOT, na safari ni ya kwenda kukaguliwa. Zipo kampuni za bima za muda mfupi zinazokataa gari la namna hiyo, na bima uliyoinunua kwa kuficha ukweli inaweza kukataliwa siku unapoihitaji. MOT yenyewe haiwezi kuzidi pauni 54.85 kwa gari la kawaida, na gereji nyingi hutoza chini ya hapo. Tuliyoipata ilikuwa pauni 45. Ongeza betri mpya, pauni 80, kwa sababu ya zamani haikushika chaji hata baada ya kuchajiwa usiku kucha. Kwenye karatasi, hii ndiyo njia ya bei ya chini kuliko zote.

Njia ya pili, kumwita fundi wa kutembea aje uani kabla ya lolote. Alitaka pauni 65 kwa kuja na kukagua, vipuri mbali. Watu wengi huona hizo ni fedha za bure, kwa kuwa gari litakaguliwa tena gerejini. Mimi naona ndizo pauni 65 zilizotumika vizuri kuliko zote katika shughuli ile, na nitaeleza kwa nini.

Njia ya tatu, brekidauni inayolibeba gari zima juu ya kitanda chake. Tulitajiwa bei tatu kwa safari ileile: pauni 95, pauni 120 na pauni 160. Gari likiwa juu ya kitanda, magurudumu yote manne hewani, linahesabika kuwa mzigo kama kabati au jokofu. Halihitaji kodi, bima wala MOT yake, na halihitaji miadi. Linaweza kwenda gereji yoyote, siku yoyote. Unachopaswa kuuliza ni kama mwenye lori ana bima ya mzigo anaoubeba, maana bima ya lori pekee haikufidii gari lako likianguka. Tuliyemchagua alitutumia cheti chake kwenye simu kabla hatujauliza mara ya pili. Yule wa pauni 120 alitaka fedha taslimu na akakata simu tulipotaja bima.

Kwa wakazi wa London kuna hesabu ya ziada. Tangu tarehe 29 Agosti 2023 eneo la ULEZ limefunika mitaa yote ya jiji, na gari lisilotimiza viwango vya moshi hulipa pauni 12.50 kwa siku linapoendeshwa, hata kwa safari ya nusu maili. Dizeli nyingi zilizotoka kabla ya mwaka 2015 zimo katika kundi hilo. Likibebwa juu ya lori halitozwi.

Njia ya nne, kukodi tela na kulivuta mwenyewe. Tangu tarehe 16 Desemba 2021 mwenye leseni ya kawaida ya gari anaweza kuvuta tela lenye uzito wa hadi kilo 3,500 bila mtihani wa ziada, kwa hiyo wengi wanaifikiria. Lakini piga hesabu ya uzito. Yaris ni kama kilo 1,000. Tela la kubebea gari, likiwa tupu, halikosi kilo mia tano au zaidi. Gari la kuvuta lazima liwe limeruhusiwa na kiwanda kuvuta jumla hiyo, na magari madogo ya nyumbani hayafiki huko. Basi unakodi na van yenye ndoano, unatafuta winchi au vijana wanne wa kusukuma, na kwenye barabara kuu mwendo wako hauzidi maili 60 kwa saa. Kwa maili 6 hesabu yetu ilizidi bei ya brekidauni. Njia hii ina maana pale gari liko mbali, labda Glasgow na wewe uko Leicester, na una jamaa mwenye gari kubwa na uzoefu wa kurudi nyuma na tela. Bila uzoefu huo iache.

Njia ya tano ni kamba. Kwetu nyumbani gari likizimika, kamba hutolewa, mmoja mbele mmoja nyuma, safari inaendelea. Hapa gari linalovutwa kwa kamba, magurudumu yakiwa chini, mahakama zimekwisha kusema zamani, tangu miaka ya 1960 na 1970, kwamba bado ni gari lililopo barabarani. Linahitaji bima, kodi na breki zinazofanya kazi, na anayeshika usukani wake awe na leseni. Hata kamba yenyewe ina urefu wake: isizidi mita 4.5 kati ya magari mawili, na ikizidi mita 1.5 ifungwe kitambaa cha rangi kionekane. Kwa gari lililo chini ya SORN kamba haikuokolei chochote. Kwa otomatiki ni balaa zaidi, kwani gia huungua zinapozungushwa bila injini kuwaka, na Prius na jamaa zake za haiburidi hazitakiwi kabisa kuvutwa magurudumu ya mbele yakiwa yanazunguka.

Wapo watakaouliza kuhusu uanachama wa huduma za kuwaokoa madereva walioharibikiwa. Soma masharti kabla hujapiga simu. Huduma nyingi za namna hiyo ni za gari lililoharibika ghafla, na hazikukusudiwa kuhamisha gari ambalo mwenyewe unajua halijawaka tangu mwaka juzi. Ukikuta kipengele cha msaada wa nyumbani, labda watakuja kubusti betri, lakini kukupeleka gerejini ni jambo jingine.

Na iko njia ya sita, ambayo husahaulika ilhali ndiyo nyepesi: kama MOT ya gari bado ina miezi. Hapo hakuna mzunguko tena. Weka bima, lipa kodi kwenye mtandao, na SORN inajifuta yenyewe. Tuseme kodi ya gari lako ni pauni 180 kwa mwaka. Ukilipa mwaka mzima kwa mkupuo tarehe 2 ya mwezi, ukalifikisha gereji, kisha ukaona matengenezo yatachukua muda na ukatoa SORN tena ndani ya mwezi huohuo, utarudishiwa miezi 11 kamili, yaani pauni 165. Safari imekugharimu kodi ya pauni 15. Lakini ukilipa tarehe 29 na kutoa SORN tarehe 3, umepoteza miezi 2, kwa sababu kodi huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya mwezi unaolipia. Na wanaolipa kwa awamu au kwa miezi 6 wajue kwamba ile nyongeza ya asilimia inayotozwa hairudishwi. MOT ya Yaris ilikuwa imekwisha miezi mitano nyuma, kwa hiyo mlango huo kwetu ulikuwa umefungwa.

Kwenye pedeli

Fundi alikuja Jumamosi asubuhi, kijana mpole mwenye van nyeupe. Akaunganisha kibustio chake, injini ikakohoa mara mbili ikawaka. Mama akapiga vigelegele, majirani wakachungulia madirishani. Kijana hakucheka. Aliingia ndani, akakanyaga pedeli ya breki, akaishikilia. Akatuita tuangalie mguu wake. Pedeli ilikuwa inashuka, taratibu mno, kama mtu anayeteremka kisimani kwa kamba, mpaka ikagusa sakafu. Akazima injini, akalala chali upande wa nyuma wa kulia na tochi. Juu ya matofali ya uani palikuwa na doa la ukubwa wa sarafu, likikua. Paipu ya breki, bomba jembamba la chuma linalopita chini ya gari, lilikuwa limeliwa na kutu mpaka likatoboka.

"Ungefika kwenye mzunguko wa kwanza barabarani," alimwambia mama, "halafu ungekanyaga hewa."

Mzunguko huo uko mbele ya shule ya msingi.

Ndiyo maana nasema pauni 65 zile hazina mfano. Tofauti kati ya bima ya siku moja na brekidauni ya bei ya chini ilikuwa pauni 71 tu. Kwa pauni 71 mama angejiingiza katika safari ambayo sheria ingemruhusu kwa miadi, ingemlinda kwa bima aliyoilipia, na bado ingemfikisha mahakamani au pabaya kuliko mahakamani. Karatasi zake zote zingekuwa sawa, na gari lenyewe lingekuwa la kuua.

Tulimwuliza fundi kama angetengeneza palepale. Akakataa, kwa kuwa uani pale pana mteremko na changarawe, na gari la kuingiwa uvunguni linataka sakafu iliyo sawa. Nilimheshimu kwa jibu hilo. Kasoro zikiwa ndogo, betri, taa au tairi, fundi wa kutembea anaweza kuzimaliza zote uani na gari likaenda MOT kwa magurudumu yake. Hapo njia ya kwanza na ya pili zikiunganishwa ndizo bora kwa bei. Kasoro ikiwa ya breki, usukani au chuma cha chini kilicholiwa na kutu, agiza lori.

Uchaguzi wa kituo nao una fedha ndani yake. Baadhi ya halmashauri za miji zina vituo vya MOT vinavyokagua magari ya wananchi lakini havitengenezi, na watu husifu kwamba hawana sababu ya kukutafutia kasoro. Sifa hiyo ni ya kweli. Ila tangu tarehe 20 Mei 2018 kasoro za MOT zimegawanywa katika ndogo, kubwa na za hatari, na gari lililopatikana na kasoro ya hatari haliruhusiwi kuendeshwa hata hatua moja kabla ya kutengenezwa. Likikutwa nayo kwenye kituo kisichotengeneza, utalipa brekidauni ya pili kutoka pale. Gari lililolala muda mrefu lina uwezekano mkubwa wa kufikwa na hayo. Kwa gari hilo mimi nachagua gereji inayokagua na kutengeneza, nikiijua kwa sifa zake mtaani. Kuna faida nyingine: ukiliacha hapohapo litengenezwe, ukaguzi mdogo wa marudio ndani ya siku 10 za kazi ni bure. Na historia ya MOT ya gari lolote inasomwa bure kwenye tovuti ya serikali kwa kuandika namba yake. Tulipoifungua ya Yaris, mkaguzi wa mwisho alikuwa ameshaandika kwamba paipu za breki zimeanza kutu. Mama hakuwa amesoma maneno yale.

Jumla ya mama ilikuwa hivi: fundi 65, brekidauni 95, MOT 45, paipu ya breki 140, matairi mawili 110, betri 80. Pauni 535. Kabla hajakubali tulikaa tukajiuliza kama gari linastahili. Kulipeleka Mombasa hakukuwezekana, kwani Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na hata kufika bandarini lingehitaji lori lilelile. Kulivunja lilikuwa chaguo la kweli. Wavunjaji walioidhinishwa huja kulichukua gari nyumbani, mara nyingi bila malipo, na hukupa hati ya kwamba limeangamizwa. Fedha za chuma chakavu hulipwa kwa benki, kwa maana kulipa taslimu kumepigwa marufuku na sheria, hivyo anayekuja na noti mkononi mwogope. Usipoiarifu DVLA kwamba gari limekwenda, faini inaweza kufika pauni 1,000. Ila Yaris ile ina injini nzima na maili chache, na gari jingine la kuaminika kwa pauni 535 mjini hapa hulipati. Akasema litengenezwe.

Kwa wewe unayesoma haya ukiwa na tiketi ya ndege mfukoni, fanya mambo machache kabla ya kufunga mlango. Toa SORN mwishoni mwa mwezi, kabla mwezi mpya haujaanza, kwa hesabu niliyoieleza. Usivute handibreki. Liache gari kwenye gia, au kwenye P kama ni otomatiki, ukiyazuia magurudumu kwa vipande vya mbao. Chomoa waya hasi wa betri. Jaza upepo matairi kupita kawaida kidogo. Andika tarehe ya kuisha MOT na umwachie mtu unayemwamini, na ikiwezekana fanya MOT mpya wiki moja kabla ya kuondoka, ili ukirudi ndani ya mwaka usikute mlango umefungwa.

Na kama umesharudi, na gari liko uani limeota kijani, usinunue betri kwanza. Mwite fundi akanyage pedeli.